Kadi ya biashara yenye zawadi ya dola 60: hesabu yangu ya siku 90

Nina duka la fotokopi upande wa Kasapa, Lubumbashi, jirani na chuo kikuu. Mashine mbili, kompyuta nne, jenereta moja inayokohoa. Sina kampuni. Ni mimi na jina langu kwenye RCCM, yaani rejista ya biashara, basi. Mwaka jana banki yangu ikanipigia simu: kuna kadi ya kredi kwa wafanyabiashara wadogo, na atakayetumia dola 1,500 ndani ya siku 90 za kwanza anarudishiwa dola 60.

Shemeji yangu aliyeko Marekani alifurahi kuliko mimi. Kule mtu anayefanya biashara peke yake anaweza kuomba kadi ya biashara kwa jina lake na namba yake ya Social Security, hata kama biashara yenyewe ni kuuza viatu vya mitumba kwenye intaneti. Anafikisha kiasi, anachukua zawadi, anahamia kadi nyingine. Mipaka ipo: American Express kwa kawaida humpa mtu zawadi ya kadi fulani mara moja tu, na deni likishindikana linamfuata mwenyewe hadi nyumbani. "Chukua, shemeji," akaniambia, "hiyo ni feza ya bure."

Bure hiyo ilianza kwa makaratasi. RCCM, Id. Nat. (namba ya taifa ya wafanyabiashara), namba ya kodi, kadi ya uchaguzi, halafu dola 1,500 nizifunge kwenye akaunti kama dhamana. Yaani banki inikopeshe feza yangu mwenyewe! Nikazileta. Kijana wa gishe, dirisha la kuhudumia wateja, akainua noti moja ya mia kwenye mwanga, akanionyesha mpasuko pembeni, mdogo kuliko ukucha wa mtoto, akanirudishia. Nikatoka kutafuta kambisti wa kunibadilishia, naye akanikata dola tano.

Ununuzi wa kwanza ulikwenda vizuri sana. Niliagiza tona na dramu kutoka China, dola 640, ujumbe ukaingia kwenye simu kabla sijaweka kikombe cha chai mezani. Zamani nilimtumia wakala mmoja wa mjini anilipie, akichukua asilimia nane. Kadi ilinikata asilimia mbili. Hapo sina neno.

Tatizo lilikuwa kufikisha 1,500. Anayeniuzia karatasi za A4 anataka noti mkononi. Mwenye nyumba vilevile. Mafuta ya jenereta nanunua kwa kidumu. Duka moja kubwa la mjini lina mashine ya kadi, lakini mara tatu nimeambiwa mtandao hakuna, nyuma yangu watu wanapumua. Nilijikuta nanunua sabuni za mwaka mzima pale mashine ilipokubali. Siku ya 80 nilikuwa na 910. Nikaenda kwenye mashine ya banki, nikatoa 600, nikalipa karatasi, nikajihesabia 1,510 na kuanza kuzitumia zile 60 kichwani.

Zawadi haikuja. Nikaenda kuuliza.

"Mama, kutosha feza haiko kuuza," kijana akaniambia kwa upole. (Wasomaji wa mbali: kwetu kutosha ni kutoa, na kuuza ndiko kununua.) Akageuza karatasi niliyotia sahihi, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, herufi za ukubwa wa sisimizi. Mimi nachapa TFC, kazi za kumaliza masomo, za wanafunzi kila siku na kuwasahihishia pambizo, na mstari huo sikuusoma! Ila simuachi banki hivihivi: kwenye simu walisema "kutumia", na mtu akitoa feza akalipia mali, ametumia. Kutoa zile 600 kulinikata dola 24, na kadi yenyewe ni dola 35 kwa mwaka.

Nimebaki nayo hata hivyo, kwa ajili ya China tu. Kama unaagiza mali nje mara kadhaa kwa mwaka, asilimia sita nilizookoa kwa wakala zinalipa ada, zawadi isahau. Kama mali yako unaichukua soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, kwa noti, usifunge dola 1,500 kwa ajili ya 60. Huduma ya gishe naipa sita juu ya kumi, ile ya simu mbili.

Msimu wa TFC umeanza. Tona ya pili, niliyolipia kwa kadi hiyohiyo, imepita Dar es Salaam, na jana wakala wa mizigo aliniandikia kwamba iko Tunduma.