Rada ya gofu Malindi: tazama njia na uso kabla ya yadi

Nimekitumia kifaa hiki cha rada kinachopima mapigo ya gofu na kuunganishwa na simu hapa Malindi, uani mbele ya wavu. Kwa kurekebisha swingi nakipa tano kwa tano. Kwa kupima yadi, tatu.

Mpangilio ndio wengi huuharibu. Rada ikae mita 2 hadi 2.5 nyuma ya mpira, na mpira uwe mita 2.5 kutoka kwenye wavu. Vuta uzi wa mwashi kutoka kwenye rada, juu ya mpira, hadi kwenye shabaha. Rada ikikaa upande kwa digrii 3, kila namba ya mwelekeo inakosea kwa digrii 3, nawe utaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Kwenye programu weka mwinuko wa usawa wa bahari. Ukiacha mwinuko wa Nairobi, hewa nyepesi ya huko inakupa yadi ambazo Malindi huzipati.

Namba za kuanzia ni mbili: njia ya fimbo (inakoelekea ikipita) na uso wake (unakotazama) wakati wa kugonga. Chukua mchezaji wa mkono wa kulia ambaye mpira wake unakata kulia: njia digrii −6, uso −2 (hasi ni kushoto kwa shabaha). Mpira unaanza kushoto kidogo, kwa sababu mwanzo hufuata uso kuliko njia. Kisha unapinda kulia, kwa kuwa uso uko wazi digrii 4 ukiulinganisha na njia. Akiona hivyo hulenga kushoto zaidi, njia inafika −8 na mpira unazidi kupinda. Weka pakiti tupu ya maziwa sentimita 30 nyuma ya mpira, nje kidogo ya mstari, upande ulio mbali nawe, upige nusu nguvu bila kuigusa. Piga mipira 10 na usome namba ya kati. Mpira mmoja hausemi kitu. Njia ikifika −2, hapo pazuri mno kwa kuanzia.

Lakini hakikisha ulipogonga. Chora nukta ya kalamu ya ubao mweupe kwenye mpira, wino utabaki kwenye uso wa draiva, ile fimbo ya kichwa kikubwa. Ukigonga upande wa karibu na mpini, mpira hukata kulia hata njia na uso vikilingana, na hilo kifaa hiki hakikwambii.

Udhaifu mwingine ni zulia la kupigia. Fimbo ikitua sentimita 3 kabla ya mpira huteleza, na namba zinatoka safi. Kwenye nyasi ingekwama. Kunja leso, uiweke sentimita 10 nyuma ya mpira: ukiigusa, futa pigo hilo. Namba ya mzunguko wa mpira, kwa umbali mfupi hivi, naichukulia kama makisio tu.

Upepo kwenye programu nauacha sifuri, hata msimu wa kusi. Na usikilaze kifaa nje: chumvi ya hewa hula tundu la kuchajia.