Wodi ya utengamao alikolazwa Mama baada ya kiharusi

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya usiku na wikiendi.

Kiharusi kilimlegeza Mama upande wote wa kushoto. Alipotoka hatarini akahamishiwa hapa ili ajifunze upya kukaa, kusimama na kuvaa. Anayedhani wodi hii ni ya kukandwa miguu na kupumzika, asahau. Ni shule, tena yenye walimu wakali.

Kabla hajapewa hata funda la maji, mtaalamu wa matamshi na umezaji alimpima kwa kijiko. Maji matupu yakampalia, na kinachopotelea njia ya hewa huweza kuleta nimonia. Ikawa vinywaji vyote vinatiwa unga wa kuvifanya vizito, naye anakunywa akiwa ameketi wima. Mama alivichukia. Nilivionja, ana haki.

Ufundi wenyewe niliuona kwa dada wa tiba kazi, yule anayewafundisha wagonjwa kujihudumia tena. Hakumvalisha Mama blauzi. Alikaa kando, mikono mapajani, akisema tu, "Mkono mlegevu kwanza, mama." Wakati wa kuvua, mkono wenye nguvu ndio unaoanza. Blauzi moja ilikula asubuhi nzima, nami nawashwa kusaidia, nakatazwa kwa macho. Dada huyo huyo ndiye aliyegundua kwamba Mama anaacha chakula cha upande wa kushoto wa sahani. Macho hayakuwa na tatizo. Ubongo ndio uliokuwa unausahau upande huo. Tukaagizwa tukae kushoto kwake tunapozungumza naye, ili ageuke.

Na sisi ndugu tulifanyishwa kazi. Usimwinue kwa kumvuta mkono uliolegea, maana bega lisiloshikiliwa na misuli hutoka mahali pake kirahisi. Kiti mwendo kiwekwe upande wenye nguvu, breki zifungwe kwanza. Hawakutuachia mpaka kila mmoja alipomhamisha Mama mbele yao.

Wauguzi wa mchana sina neno nao: walimgeuza kwa ratiba, wakakagua visigino na kiuno, na hakupata kidonda hata kimoja. Usiku ni habari nyingine. Kengele inalia weee, hakuna anayekuja. Mgonjwa aliyebanwa na haja hasubiri, atajaribu kushuka mwenyewe, na hapo ndipo watu huanguka. Nimewaandikia barua kuhusu hilo.

Jumamosi na Jumapili mazoezi hakuna kabisa. Jumatatu mguu umekakamaa, nusu ya kipindi inaishia kuulainisha. Tulipolalamika, mtaalamu wa fiziotherapia alituandikia mazoezi ya kufanya naye kitandani, na yalisaidia. Lakini kwa nini tuombe?

Kabla ya kumruhusu waliuliza upana wa milango yetu, ngazi, na choo kilivyo. Ukimpeleka mgonjwa wako, chukua vipimo hivyo mapema, na karatasi ya mazoezi ya wikiendi idai siku ya kwanza.