PUC ya Texas: refa wa umeme wa huku, nimemtumia mwenyewe, maoni yangu haya

Wadau wa Houston na Dallas, hasa mliokuja juzijuzi, hii inawahusu. Watu wanatoa maoni ya migahawa na saluni, mi leo naipa nyota ofisi ya serikali. Inaitwa Public Utility Commission of Texas, kifupi PUC, makao yake Austin, inasimamia umeme, maji na mambo ya simu kiasi. Bongo tungesema ndo EWURA yao, ile mamlaka ya nishati na maji, ila kuna tofauti moja kubwa: EWURA kila mwezi wanatangaza bei kikomo ya petroli na mwenye sheli akizidisha kosa ni lake, hawa wa huku bei ya yuniti unayolipa nyumbani hawakupangii. Toka Januari 2002 sehemu kubwa ya Texas soko ni huria, kampuni kibao zinauza umeme uleule unaopita kwenye nyaya zilezile, we unachagua tu nani akutumie bili. Ukiwa Austin au San Antonio kuchagua hakukuhusu, huko shirika la umeme ni la jiji, na El Paso nao wako kivyao.

Mi mtoto wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Unanunua token, unabonyeza namba zako, zikiisha giza, hakuna siri hapo. Nafika huku 2022 naambiwa chagua kampuni ya umeme, nikajua utani. Kuna jamaa alikuwa na kimeza chake mlangoni kwa supamaketi, tabasamu hadi gego la mwisho, "senti 10 tu yuniti", nikasaini hapohapo. Kampuni siitaji. Nilipigwa, tena nilipigwa kihalali kabisa, hapo ndo panauma.

Iko hivi, nanyoosha hesabu kidogo ieleweke: bei yenyewe ilikuwa senti 20 kwa yuniti ukijumlisha na hela ya mwenye nyaya, ila ukifikisha yuniti 1,000 ndani ya mwezi wanakurudishia dola 100. Kwahiyo ukigonga 1,000 unalipa dola 100, ndo hiyo senti 10 ya kwenye bango. Aprili tukatumia 960. Bili dola 192! Yaani yuniti 40 ambazo SIKUTUMIA zimenila dola 92, na wiki nzima nilikuwa nawafokea watoto wazime taa.

Nikamlalamikia mama mmoja Mkongo anakaa ghorofa ya chini, mwenyeji wa siku nyingi, akacheka mpaka akakaa. "Ulisomaka ile karatasi?" Karatasi gani tena mama? Kumbe ipo, na ndo kitu cha kwanza nachowapa PUC nyota tano. Kila plani inayouzwa lazima iwe na karatasi inaitwa Electricity Facts Label, wenyewe wanasema EFL, na PUC ndo wanaolazimisha iandikweje. Juu kabisa ina bei ya wastani ukitumia yuniti 500, 1,000 na 2,000. Yangu nikaitafuta kwenye imeili, nikakuta 500 ni senti 20, 1,000 senti 10, 2,000 senti 15. Ikishaenda hivyo chini halafu juu kama bembea ujue kuna mtego humo ndani. Plani ya kistaarabu namba zake tatu zinafanana fanana.

Saiti yao ni powertochoose.org, bure. Unaweka zip code yako (namba ya posta ya mtaa), zinashuka plani kibao na kila moja EFL yake. Kuna sehemu ya kuchuja unaondoa zile zenye masharti ya kiwango cha matumizi, mi hiyo naianza hata kabla ya kukaa vizuri, na kuna alama zinazoonesha kampuni ipi inalalamikiwa sana. Napowakata nyota ni hapa: macho ya watu wote yanaenda kwenye bei ya yuniti 1,000, kampuni zinalijua hilo na zinashona plani zing'ae palepale tu, kwingine unachomwa. Refa anaona mchezaji anajirusha kwenye boksi kila wiki na hatoi kadi. Halafu saiti ni Kiingereza na Kispanyola basi, sasa mama mwingine wa Goma anayefika leo karatasi ya EFL atasomewa na nani, mtoto wa darasa la nne?

Kilichonifanya niandike haya yote lakini ni malalamiko. Mwaka juzi tulihama apatimenti, kampuni nyingine hii (nayo siitaji) ikanidai faini ya kuvunja mkataba, dola 150. Kanuni ya PUC inasema ukihama ukawapa ushahidi na anwani mpya, faini hiyo hawakutozi. Nikapiga simu, mdada mpole kweli ila jibu ni lilelile, "mfumo ndo unavyosema". Haya. Nikaingia PUC, fomu ya malalamiko iko mtandaoni, nikabandika mkataba wa nyumba mpya, kama dakika 20 hivi. PUC wanaipelekea kampuni, kampuni inalazimika kujibu. Haikufika mwezi, mfumo ukabadilisha mawazo. Faini ikafutwa na barua ya samahani juu. Hakuna wakili, hakuna hela ya soda, hakuna "njoo kesho bosi katoka". Mi nimezoea ofisi za kukaa kwenye benchi, kwahiyo nilikaa naiangalia ile barua.

Na mengine mjue, hayapigiwi kelele: ukihamia kampuni mpya una siku 3 za kazi za kughairi bure. Mkataba ukikaribia kuisha, siku 14 za mwisho unaweza kuondoka bila faini. Na tahadhari ya joto kali ikishatangazwa hawaruhusiwi kukukatia umeme kwa deni. Deni linabaki lakini, msije mkasema mi nimewaambia halilipwi.

Sasa hiyo yote ni mechi za mchangani. Fainali ilikuwa Februari 2021, mi nilikuwa bado Dar, ila waliokuwepo wakianza kuhadithia ile baridi hawamalizi. Mitambo iliganda, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikakaa gizani, waliokufa kwa hesabu ya jimbo lenyewe ni 246. Gridi yao, inayoendeshwa na shirika linaitwa ERCOT, ilibaki dakika 4 na sekunde 37 idondoke yote. Na Texas walijitenga na gridi za wenzao makusudi, serikali ya Washington isiwaingilie, kwahiyo siku chumvi inaisha jirani wa kumgongea hodi hakuna wa maana. PUC wakafanya nini? Tarehe 15 wakaagiza bei ya jumla, ile ya kwenye mitambo kabla umeme haujafika kwa kampuni zinazotuuzia, ikae kwenye kilele, dola 9,000 kwa megawati-saa (yuniti 1,000), ambayo ni dola 9 yuniti moja, ikakaa siku kadhaa. Eti ivutie mitambo izalishe. Mtambo umeganda barafu unauvutia na hela? Waliokuwa na plani za kufuata bei ya jumla, Griddy ndo ilikuwa maarufu, bili zao zilifika maelfu ya dola. Griddy ikafilisika, plani za aina hiyo zikapigwa marufuku kwa majumbani, kilele kikashushwa hadi 5,000, na makamishna wote watatu wa PUC wakaachia ngazi ndani ya wiki chache. Sasa hivi viti ni vitano, gavana ndo anateua wa kuvikalia. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu kabisa ya Texas ikasema kisheria walikuwa na mamlaka ya kuagiza ile bei. Sawa.

Nyota zangu: malalamiko ya bili tano, saiti tatu na nusu, 2021 sitoi hata moja. Jumla waandikieni tatu. Halafu gesi ya jikoni msiwapelekee PUC, mtarudishwa, gesi iko chini ya ofisi inaitwa Railroad Commission, ambayo reli haijasimamia toka 2005 ila jina wamegoma kulibadilisha.