Uzoefu wangu: fundi wa Malindi aliyelitibu Peugeot 504 la marehemu baba

Marehemu baba alinunua gari la Peugeot 504 la stesheni wagoni mwaka 1981, akiwa bado amejaa habari za mashindano ya magari ya Safari, ambako 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Lilitubeba kati ya Malindi na Mombasa kwa miaka mingi. Mwaka 2013, macho yake yalipopungua nguvu, likaegeshwa chini ya banda la makuti nyuma ya nyumba yetu mtaa wa Shela, karibu kabisa na bahari, tangi likiwa na petroli nusu. Mwaka jana niliamua kulirudisha barabarani, na huduma ninayoieleza hapa ni ya fundi wa pili kulishika, kijana mwenye gereji ndogo kando ya barabara ya kwenda Lamu.

Kuwaka liliwaka. Baada ya betri mpya, oili mpya na petroli mpya iliyomwagwa juu ya ile ya zamani (kosa langu hilo, na lilinigharimu), injini iliitikia siku ya pili. Lakini ilitetemeka kila nilipoondoa mguu kwenye mafuta, ikawa inazima kwenye makutano ya barabara. Na nikitoka mjini kuelekea Mambrui, kabla ya kulifikia daraja la Sabaki, ilianza kukohoa na kuishiwa nguvu, hata malori yakanipita. Fundi wa kwanza alisema ni kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Akaifungua, akazibua jeti (kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli) kwa waya, nikamlipa. Baada ya kilomita 20 mambo yakawa yale yale, akaifungua tena, nikamlipa tena. Waya ule unaniuma mpaka leo, kwa kuwa tundu la jeti limepimwa kwa sehemu ndogo sana za milimita na shaba yake ni laini; ukilikwangua, kipimo kimepotea na gari litakula mafuta kupita kiasi.

Fundi wa pili hakuigusa kabureta siku ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza gari linasumbua zaidi likiwa baridi au moto, likiwa limesimama au kwenye mwendo, kisha akasema, "Mzee, leo tusinunue kitu. Kwanza tujue ugonjwa ni mmoja au ni miwili." Akachomoa mpira wa petroli unaotoka kwenye tangi, akauunganisha na kidumu safi chenye petroli mpya, akakifunga imara mbali na joto la injini, tukaenda nalo mpaka Sabaki na kurudi. Njia nzima halikukohoa hata mara moja. Lakini tuliposimama, mtetemeko ulikuwa pale pale. Kwa jaribio hilo moja, ambalo halikunigharimu chochote zaidi ya petroli ya kidumu, tulifahamu kwamba ugonjwa ni miwili kweli: mmoja unatoka nyuma kwenye tangi, mwingine uko mbele kwenye injini.

Tangi liliposhushwa nilisikitika. Petroli ikikaa miaka, sehemu zake nyepesi huyeyuka hewani na kinachobaki hugeuka kuwa utando wa kunata wenye harufu kama ya vanishi. Na kwa kuwa tangi halikujaa, unyevu wa pwani ulipata nafasi juu ya petroli na kuotesha kutu. Magamba ya kutu ndiyo yaliyokuwa yakivutwa hadi kwenye filta kila gari lilipotaka mafuta mengi, na vumbi lake kupenya mpaka kwenye jeti, ndiyo maana kusafisha kabureta peke yake kulikuwa sawa na kudeki nyumba huku paa linavuja. Alilisuuza, akatia siki nyeupe na kipande cha mnyororo, akalitikisa, akaliacha siku 2, kisha akaliosha kwa maji ya magadi na kulikausha kabisa. Mipira yote ya petroli, iliyokuwa imepasuka, ilibadilishwa, na ngozi ya pampu ya petroli vilevile.

Mtetemeko aliutafuta kwa namna iliyonifurahisha. Injini ikiwa imepoa, aliiwasha na kupuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye ungio la kabureta na injini. Mara mlio ukapanda. Gaskiti, yaani kiziba cha kwenye ungio hilo, ilikuwa imekauka na hewa isiyopimwa ilikuwa ikiingia pale. Akaweka mpya, akasafisha pointi za distribyuta (zinazokata na kuunganisha umeme ili plagi zitoe cheche) zilizoshika ukungu wa chumvi, akazirekebisha kwa nafasi ya takriban milimita 0.4, na jeti iliyokwanguliwa akaitafutia nyingine.

Kazi yote ilichukua siku 9 badala ya 4 alizoniahidi, na hakunipa risiti ya maandishi mpaka nilipoiomba mara mbili. Hayo ayarekebishe. Breki pia hazishughulikii. Ilinibidi nizipeleke kwingine, na mwenye gari lililolala namna hii asithubutu kulitoa barabarani kabla ya breki kukaguliwa. Gharama, pamoja na vipuri, ilikuwa shilingi 18,500, chini ya nilichokuwa nimeshalipa kwa kusafishiwa kabureta mara mbili na kununuliwa koili ya umeme wa plagi ambayo haikuhitajika. Vipuri vya zamani alinikabidhi vyote kwenye mfuko, akanionyesha kimoja kimoja kasoro yake.

Aliniwekea filta ya plastiki inayoonyesha ndani, akaniagiza niitazame kila wiki kwa miezi miwili. Wiki ya kwanza ilikuwa na unga mwekundu kidogo, akaibadilisha bila malipo. Hii ya sasa imeshavuka Sabaki mara sita kwenda na kurudi, na jana asubuhi ilikuwa bado nyeupe.