TAHADHARI: "Mshauri wa chuo" anayewawinda wanajeshi kwa Kiswahili

Ndugu zangu mlio kwenye jeshi la Marekani, na hasa ninyi mlioingia juzi juzi: kuna jamaa anazunguka Killeen, hapa Texas, anajiita mshauri wa elimu. Ni mtu wa kwetu. Kiswahili chake kimenyooka, anajua kuchekesha, na akikuona tu anakuita afande. Jina lake silitaji, wala la chuo anachokitafutia wanafunzi, kwa kuwa malalamiko yangu bado yanashughulikiwa. Lakini mbinu zake leo namwaga mtama wote.

Tulikutana kwenye nyama choma ya Wakenya mwezi Agosti. Nilikuwa nimesimama kando ya jiko na sahani mkononi, akaja na soda mbili baridi, akanipa moja. Tukaongea mambo ya nyumbani karibu nusu saa kabla hajagusa habari ya chuo. Kisha akauliza, "Afande, TA yako ya mwaka huu umeitumia?" Nikamwambia bado. (TA, yaani Tuition Assistance, ni pesa ambazo jeshi hulipia karo ya mwanajeshi anayesoma.) Akashika kichwa kama mtu aliyefiwa. "Tarehe 30 Septemba zinapotea zote! Jeshi linakupa dola 4,500 kwa mwaka, wewe unaziacha?"

Hapo sikilizeni vizuri, maana huyu hadanganyi kienyeji. Uongo wake ameukanda pamoja na ukweli. Ni kweli mwaka wa fedha wa serikali unaisha Septemba 30 na TA isiyotumika haihamii mwaka unaofuata. Alichonyamazia ni kwamba Oktoba mosi unaanza upya na fungu jipya, kwa hiyo haraka ile ilikuwa yake, si yangu. Ni kweli pia TA inalipa hadi dola 250 kwa kila kredi, kile kipimo cha somo ambacho vyuo hutozea karo. Chuo chake kinatoza 410. Nilipouliza hiyo tofauti ya 160 analipa nani, akacheka: "Kuna msaada wa serikali kwa wanajeshi, hiyo niachie mimi."

Kesho yake jioni alinifuata kwenye maegesho ya magari nje ya geti. Tukakaa ndani ya gari lake, yeye na kompyuta mapajani, mimi na simu yangu. Akanijazia FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo. Akafungua akaunti kwa jina langu, na kila simu ilipolia ujumbe wa namba sita aliniambia, "Nisomee hiyo." Nikamsomea. Mara tatu. Kisha akanigeuzia kioo nibonyeze kitufe cha kukubali; kurasa zilikuwa ndefu, zikapita haraka kama matangazo ya basi. Mojawapo ya kurasa hizo, nimekuja kuisoma miezi kadhaa baadaye, ilikuwa hati ya kukiri deni la mkopo wa wanafunzi wa serikali.

Niliandikishwa masomo mawili, kredi sita, ya wiki nane nane kwa intaneti. Hesabu ni hii: karo dola 2,460. TA ikalipa 1,500. Zikabaki 960, pamoja na ada nyingine 290 ambazo TA hailipi kabisa, kwa kuwa inalipia masomo tu, si vitabu wala ada za pembeni. Nilichokuwa nadaiwa ni 1,250. Sasa mkopo waliouchukua kwa jina langu ulikuwa dola 4,750, nusu ya kiwango cha juu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejitegemea anaweza kukopeshwa kwa mwaka. Kilichobaki baada ya makato, dola 3,449, kikaingia benki kwangu. Jamaa akapiga simu siku hiyohiyo: "Umeona posho imeingia?"

Posho. Neno tamu hilo. Nyumbani posho ni pesa unayopewa ukienda semina, hairudishwi. Nilimtumia mama sehemu yake akabadilisha mabati ya jikoni, na akaniombea mimi na huyo "kijana mzuri aliyekusaidia."

Mwezi Oktoba kikosi chetu kikaenda mafunzo ya msituni, wiki mbili na nusu bila mtandao. Nilimwambia mapema. Akajibu usijali, tutaongea na mwalimu. Hakuongea na mtu. Somo moja nikapata C, la pili F. Kwa wasiojua: ukiwa shahada ya kwanza, alama ikiwa chini ya C unairudishia serikali TA ya somo hilo. Dola 750 zikaanza kukatwa kwenye mshahara, na niliziona kwanza kwenye LES, ile karatasi ya mshahara, ndipo nikaanza kuuliza maswali ambayo ningeuliza Agosti.

Mama mmoja mstaarabu wa ofisi ya elimu hapa kambini ndiye aliyenifungua macho. Alichukua karatasi, akachora mstari katikati, upande mmoja akaandika vitu vinavyotolewa na jeshi, upande wa pili vinavyokopwa. "Posho" yangu ikaangukia upande wa pili. Akaniambia pia kwamba ningejiondoa kwenye somo kwa sababu ya kazi ya jeshi, na barua ya kamanda, ningeweza kuomba kusamehewa kurudisha zile 750. Siku hizi nipo kwenye foleni ya ombi hilo, nikiwa nimechelewa.

Huyo mama ndiye aliyenieleza jambo linalonikera kuliko yote. Chuo chochote kinachopokea TA kimetia saini makubaliano na Wizara ya Ulinzi. Makubaliano hayo yanakataza kumvuta mwanajeshi kwa zawadi zenye thamani, kumsumbua kwa simu na ujumbe ambao hakuuomba mara tatu au zaidi, na kumtafuta na kumsajili siku ileile. Jamaa yangu aliniahidi laptopu. Alinipigia mara kumi na moja kwa wiki moja, nimezihesabu kwenye simu. Na kulipa watu kamisheni kwa kila mwanafunzi wanayemleta ni marufuku pia kwa vyuo vinavyotumia pesa za serikali kuu. Sasa mwenzangu, mtu anakununulia soda na mafuta ya gari bure kwa nini?

Tusijidanganye kwamba ni yeye peke yake. Kwa miaka mingi vyuo vinavyoendeshwa kwa faida vilitakiwa kupata angalau asilimia 10 ya mapato nje ya fedha za misaada ya wanafunzi, na pesa za wanajeshi zilihesabiwa kuwa "za nje." Ndiyo maana sare yako ilikuwa inanukia nyama choma kwao. Sheria ya mwaka 2021 iliziba mwanya huo, ikaanza kutumika 2023, lakini tabia haijafa. Na mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilizichukulia hatua tovuti kama army.com zilizojifanya za kuandikisha jeshi, kumbe zilikuwa zinauza majina ya vijana kwa vyuo kwa dola 15 hadi 40 kwa kichwa. Kwa kichwa, kama kuku.

Kuna la GI Bill, haki ya kulipiwa masomo ambayo mtu anaipata kwa kutumikia jeshi. Mimi hapa niliponea chupuchupu, mwenzangu wa chumba cha pili hakuponea. Jamaa alimshawishi amalizie tofauti ya karo kwa GI Bill ya baada ya 9/11 wakati bado yuko kazini. Haki hiyo ni miezi 36 tu maishani. Ukiitumia ukiwa kwenye utumishi kamili hupewi ile posho ya nyumba ya kila mwezi (hii ndiyo posho ya kweli, si ya kwangu), na miezi inaungua vilevile. Ameshachoma minane. Tena ukiitunza, ukifikisha miaka sita ya utumishi na kukubali minne mingine, unaweza kumpa mkeo au wanao. Kwa watu wetu, ambao kila mmoja ana watoto na shemeji wa kusomesha, hiyo ni shamba. Usiliuze kwa soda.

Wake na waume wa wanajeshi, ninyi pia anawatafuta, kwa sababu ya MyCAA, msaada wa masomo kwa wenzi wa wanajeshi, na dola zake 4,000. Hiyo ni ya vyeti, leseni na shahada ndogo ya miaka miwili; akikwambia italipia digrii ya miaka minne, mwonyeshe mlango.

Kama unataka kusoma, nenda ofisi ya elimu ya kambi kabla hujaongea na chuo chochote. Walio Army wanaombea TA kupitia tovuti ya ArmyIgnitED, na ombi linapaswa kukubaliwa kabla somo halijaanza, la sivyo unalipa mwenyewe. Uliza kuhusu mitihani ya CLEP na DSST: kwa mara ya kwanza hulipi, na ukifaulu unapata kredi bila kukaa darasani. Kiswahili nacho kina njia zake za kupimwa, waulize. Mimi baada ya haya yote nilienda chuo cha jamii hapa karibu, karo yake iko chini ya 250 kwa kredi, maana yake TA inamaliza kazi. Kredi zangu za kwa jamaa walizitazama, wakazikataa zote tatu.

Na wewe uliyesoma hapa ukaanza kutokwa jasho, ingia studentaid.gov kwa akaunti yako usiku huu. Badilisha nywila kwanza. Tazama kama kuna mkopo kwa jina lako na tarehe uliyotolewa. Ndani ya siku 120 tangu utolewe unaweza kurudisha pesa bila riba wala ada, hata kama ni sehemu tu. Mimi niligundua siku ya 131. Malalamiko yanapelekwa kwa mfumo wa Wizara ya Ulinzi unaopokea kesi za vyuo, na kwa VA, idara ya maveterani, kama GI Bill imeguswa. Ambatanisha picha za ujumbe wake.

Juzi Jumapili amenitumia salamu kwa namba mpya. Anauliza kama nina ndugu aliyetoka mafunzo ya awali hivi karibuni.