Matendegu manne nimepeleka Keko, nimerudi na kinu kimoja

Nianze na sifa, maana mkono wa yule fundi hauna kasoro. Kitanda cha marehemu bibi kilikuwa cha mninga. Mifumbati, zile mbao za ubavuni, ilishavunjika, ila matendegu, yaani miguu yake, yote manne yalikuwa mazima, nikaona kuyatupa ni dhambi. Nikampelekea fundi mmoja wa kukereza, wale wanaochonga mti ukizunguka kwenye mashine, pale Keko, Dar es Salaam, anitolee kinu kidogo cha kutwangia saumu na mchi wake, vinara viwili na vishikizo vya kabati.

Kinu kimetoka, jamani! Tendegu moja tu limetosha kinu na mchi. Mti uliokauka miaka mingi hivyo haupasuki ovyo kama mbichi. Ukingo mwembamba, wekundu wa mninga umeng'aa, na tundu la msumari wa zamani kaliacha kama nilivyomwomba. Ningeishia hapo angepata nyota zote tano.

Nikauliza, "Fundi, na yale matatu?" Hakuinua hata uso. "Dada, zile kuni zako zina misumari, zimeniulia patasi. Nimempa mama lishe."

Nikageuka. Hatua chache tu, chini ya sufuria ya maharage, kichwa cha tendegu kimechomoza kwenye mafiga. Kile kirungu alichokuwa akikishika bibi akiinuka alfajiri kuswali, kimeshaanza kuwa cheusi. Nikakivuta kwa mkono. Mawili yalishakuwa jivu. Mama lishe wa watu, asiye na kosa, ndiye aliyeniomba radhi. Fundi anapiga msasa.

Misumari ilikuwemo, nakubali, ningeichomoa kabla. Patasi ikigonga chuma huku mti unazunguka, mtu anaweza kuumia. Lakini namba yangu alikuwa nayo! Unaniita dada halafu unashindwa kunipigia? Na hela ya vinara alisema atarudisha wiki ijayo. Wiki zimepita.

Kwa hiyo msiende. Au nendeni, kazi anaijua, ila kaeni hapo hapo mpaka amalize, mbebe mabaki yenu yote, hata maranda. Hapana, msiende. Naandika kinu kikiwa mbele yangu, na sitaki aguse mti wa mtu mwingine mwenye marehemu wake.

Kile kirungu nimekifuta masizi. Kama kuna mkerezaji muungwana mnayemjua, Buguruni, Mwenge, popote, nielekezeni. Kinatosha kinara kimoja.