Picha moja ya Chicago, miezi mitatu ya kuitafutia mwaka: uzoefu wangu na makusanyo ya Maktaba ya Bunge la Marekani

Nilianza na picha moja tu. State Street mjini Chicago, imepigwa kuelekea kaskazini karibu na kona ya Madison: tramu, magari ya farasi, umati wa watu wenye kofia. Katalogi ilisema ilipigwa kati ya 1900 na 1910. Miaka kumi ni mingi mno kwa mtaa uliokuwa ukibomolewa na kujengwa upya kila uchao, nikaamua kuutafuta mwaka wenyewe. Imenichukua miezi mitatu, jioni za mapumziko, na karibu kazi yote nimeifanya kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge iliyoko Washington. Huduma hii ni bure na haidai hata ujisajili.

Picha yangu inatoka kwenye mkusanyo wa Detroit Publishing Company, kampuni iliyouza picha na kadi za posta tangu mwishoni mwa miaka ya 1890 hadi ilipofilisika katika miaka ya 1920. Maktaba ina zaidi ya negativu 25,000 zake (yaani mabamba ya awali ambayo picha huchapishwa kutoka kwayo), nyingi zikiwa za kioo. Hicho kioo ndicho kinachofanya mambo. Negativu kubwa ya kioo huhifadhi vitu vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona kwenye picha iliyochapishwa, na Maktaba inakuruhusu kushusha faili la TIFF kamili, si kile kijipicha cha kuonjesha. Faili langu lilizidi megabaiti 100. Lifungulie kwenye kompyuta. Simu yangu iligoma. Lilipofunguka nilikaa saa nzima bila kuandika neno, nikisogea dirisha kwa dirisha, nikisoma mabango ya madaktari wa meno ghorofani.

Kuhusu tarehe pana za katalogi: wahifadhi huandika kile wanachoweza kukisimamia, na mimi naona ni uaminifu. Afadhali miaka kumi ya kweli kuliko mwaka mmoja wa kubuni. Kazi ya kubana inabaki kwako.

Nilivyobana mimi ni hivi. Kulia mwa picha kuna duka kubwa lenye kona ya duara, kazi ya msanifu Louis Sullivan. Alilijengea kampuni ya Schlesinger & Mayer, na sehemu ile ya kona ilijengwa 1903. Kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya 1900 wala 1901. Nikakuza zaidi hadi kwenye bango: jina linalosomeka ni Carson Pirie Scott, waliolichukua duka hilo 1904. Tayari miaka minne imeondoka. Kisha nikatazama chini, barabarani. Katikati ya reli kuna mwanya mwembamba ambamo kebo ilipita, na juu ya mtaa hakuna waya wa umeme hata mmoja. Tramu za kebo, zile zilizovutwa na kamba ya chuma iliyopita chini ya barabara badala ya umeme wa waya wa juu, zilianza State Street mwaka 1882, na mfumo wote wa kebo wa Chicago ulifungwa 1906. Mwanya peke yake haunitoshi, maana ungeweza kubaki barabarani baada ya kebo kuzimwa. Mwanya pamoja na ukosefu wa waya ndio ulionipa imani. Tena, upande wa kusini wa duka bado yanaonekana majengo ya zamani, mahali ambapo msanifu Daniel Burnham aliliongezea duka hilo sehemu mpya mwaka 1906.

Hapo nikabaki na 1904 hadi 1906, na picha yenyewe ikawa haina zaidi ya kusema. Ilibidi niende kwenye maandishi.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni vitabu vya anwani vya mji. Chicago ilikuwa na Lakeside Directory, kitabu kinene kilichotoka kila mwaka hadi 1917, kikiorodhesha watu kwa majina, kazi na anwani. Nakala zake zilizopigwa skani zinapatikana mtandaoni. Nilichukua jina la daktari mmoja wa meno kwenye dirisha la ghorofa ya pili nikamfuata mwaka hadi mwaka. Mwanzoni hakupatana na kona ile kabisa. Namba yake ilimweka mbali na mahali nilipomwona kwa macho yangu, na karibu niseme picha imeandikwa mtaa usio wake.

Kosa lilikuwa langu. Mwaka 1909 Chicago ilibadilisha namba za nyumba mji mzima, na katikati ya mji, eneo wanaloliita Loop, mabadiliko yalifika 1911. Tangu hapo namba zote zinaanzia kona ya State na Madison, zikienda pande nne. Kabla ya hapo hazikuanzia hapo. Yaani nilikuwa nikisoma namba ya zamani kwa ramani ya leo! Kuna kitabu cha kubadilishia namba kilichochapishwa 1909, nacho kimepigwa skani. Yeyote anayechunguza mji wowote aulize swali hili kabla ya mengine yote: je, mitaa au namba ziliwahi kubadilishwa, na lini? Ningeuliza mapema ningeokoa wiki tatu.

Kwa mtaa wa katikati ya mji, uliobadilishiwa namba baadaye, 1911, hata kitabu cha 1909 hakikunimalizia kazi. Kilichokata shauri ni ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, ambazo Maktaba imezipandisha kwa maelfu. Sikuzijua kabla, na sasa sijui nilikuwa nikifanyaje kazi bila hizo. Zilichorwa ili kampuni za bima zijue jengo lipi linaweza kuungua upesi, kwa kipimo cha futi 50 kwa inchi moja, kila jengo na umbo lake. Waridi ni matofali, njano ni mbao, buluu ni mawe. Ukiona D ni makazi, ukiona S ni duka. Idadi ya ghorofa imeandikwa, na namba ya mtaa iko mbele ya mlango. Niliweka ramani upande mmoja wa skrini na picha upande wa pili, nikahesabu majengo kutoka konani hadi kwa daktari wangu. Yakalingana. Angalizo moja tu: mabadiliko yalikuwa yakibandikwa kwa vipande vya karatasi juu ya ramani ya awali, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye jalada huenda si mwaka wa kila jengo lililomo.

Daktari yule yupo kwenye kona ile katika kitabu cha 1905. Cha 1904 kinamtaja kwingine, cha 1906 pia. Habari za vitabu hivi zilikusanywa kabla ya kuchapishwa, hivyo siapi kwa mwezi wala wiki. Lakini wanaume wengi pichani wamevaa kofia za majani makavu na mapaa ya turubai ya kukinga jua mbele ya maduka yameteremshwa, basi ni majira ya joto. Nimeandika kwenye daftari langu: karibu na kiangazi cha 1905.

Nisiache kutaja kilichonipotezea fedha. Kabla ya kuijua Maktaba vizuri nilijiunga na tovuti moja ya kulipia, sitaitaja. Picha zake zilikuwa ndogo, zimepigwa mhuri katikati, na usajili ulijirudia wenyewe mwezi uliofuata bila kunitahadharisha. Nyingi ya picha hizo baadaye nilizikuta bure, tena kubwa, kwenye makusanyo ya umma. Anzeni na umma.

Jihadharini pia na kadi za rangi. Detroit Publishing ilitumia mbinu ya Photochrom, ambapo rangi ziliongezwa kiwandani juu ya picha nyeusi na nyeupe. Ni nzuri ajabu, lakini wekundu wa turubai pichani hauthibitishi kwamba turubai lilikuwa jekundu.

Nilipokwama kabisa niliwaandikia wakutubi kupitia ukurasa wa maswali. Jibu lilikuja ndani ya wiki, refu, limeandikwa na mtu aliyeitazama picha yangu kwa makini. Yeye ndiye aliyenielekeza kwenye negativu za gazeti la Chicago Daily News, zaidi ya 55,000, za kuanzia 1902 hadi 1933, zinazotunzwa na jumba la makumbusho ya historia la Chicago. Kampuni ya kadi ilipiga mtaa ulivyotaka kuonekana. Mpiga picha wa gazeti alikwenda palipotokea moto, mgomo au theluji iliyoziba njia.

Sasa natafuta kona ile ile kwenye negativu hizo. Nimeshapata tatu, moja ikiwa na theluji hadi magotini, na nyuma yake lile dirisha la ghorofa ya pili lina jina jingine.